Mashine inakata baharini: anza na tangi, usianze na kabureta

Mtu akinipigia simu kutoka baharini, maneno ni yaleyale: "Fundi, mashine imekata." Nikimuuliza ameshafanya nini, ameshatoa plagi na kuzipiga brashi, na akiwa na bisibisi basi kabureta nayo iko wazi juu ya kitambaa. Namwambia aiache, afungue kifuniko cha tangi. Mara nyingi nasikia kwenye simu sauti ya hewa ikiingia, fyuuu, na baada ya dakika mbili mashine inanguruma.

Haya nawaandikia wenye boti za faiba za mita 6 hadi 9 zinazosukumwa na mashine ya petroli iliyopachikwa tezini (nyuma ya boti), za uvuvi, za wageni wa kupiga mbizi na za kuvusha abiria visiwani. Kazi yangu ni kufunga matangi na njia zake za mafuta. Kwa niliyoyaona, ugonjwa mwingi unaosingiziwa mashine unaanzia kwenye tangi, kwenye paipu, au kwenye kile kitundu cha kupumulia ambacho hakuna anayekikumbuka. Tena kosa lilelile linalokukatisha njiani leo ndilo linaloweza kukuunguza kesho. Kwa hiyo, kama shida yako ni harufu ya petroli ndani ya chombo, ruka yote yanayofuata uende moja kwa moja kwenye sehemu ya harufu, na usiwashe kitu chochote mpaka umeisoma.

Itenganishe kwanza mashine na tangi

Chukua tangi dogo la kubebeka la lita 25, safi, lenye mafuta unayoyaamini, paipu yake na mpira wake wa kubinya (ule wa kusukumia mafuta kwa mkono). Liunganishe moja kwa moja kwenye mashine. Endesha kwa mwendo uleule uliokukatisha na kwa muda uleule. Usizunguke bandarini dakika tatu ukasema imepona, kwa maana kosa la mafuta hujificha mashine ikiwa inakunywa kidogo. Ikitulia, mashine yako ni nzima na adui yuko kwenye tangi la kudumu au njia yake. Ikikata vilevile, sasa una haki ya kufungua kabureta.

Jaribio hili linakuokolea siku nzima. Nimeona kabureta ikioshwa mara tatu ndani ya wiki moja, na kila ikifungwa boti inakata palepale, kwa sababu tangi halikuguswa.

Inawaka vizuri, inakwenda dakika kumi, inakata. Mpira wa kubinya umenywea

Hii ndiyo simu ninayopokea zaidi. Mashine ya nguvu za farasi 40 ya stroki mbili ikibanwa mwisho hunywa kiasi cha lita 16 hadi 20 kwa saa. Ndani ya dakika kumi imeshatoa kama lita 3 tangini, na kila lita inayotoka lazima lita ya hewa iingie mahali pake. Hewa isipopata njia, tangi linaanza kuvuta kwa ndani, pampu ya mashine inashindwa, na ule mpira unabanwa na hewa ya nje mpaka unakuwa bapa kama embe lililonyonywa.

Kwenye tangi la kubebeka, sababu ni skrubu ya hewa juu ya kifuniko. Watu huifunga wakati wa kubeba, kwa haki kabisa, kisha wanaisahau. Kwenye tangi la kudumu, angalia kipumulio, ile paipu nyembamba inayotoka juu ya tangi na kuishia ubavuni mwa boti. Pwani yetu ina mdudu mmoja anayewasumbua wenye boti kimyakimya, nyigu wa udongo. Boti ikikaa juu wiki mbili ikipigwa rangi, anaingia kwenye tundu la kipumulio na kujenga nyumba yake ya udongo, na ikikauka inakuwa ngumu kama tofali. Ukitazama kwa nje huoni kitu, maana amejenga ndani, urefu wa kidole. Chomeka waya laini, au chomoa paipu upande wa tangi upulize kwa mdomo upande wa nje. Dawa yake ni wavu mwembamba wa shaba au stenlesi kwenye mdomo wa kipumulio, na wavu wenyewe uoshwe mara kwa mara kwa maji baridi ili chumvi isiuzibe.

Ukifungua kifuniko, ukasikia hewa ikiingia, mashine ikapona, umemaliza. Usipoisikia hewa na mpira bado umenywea, kizuizi kiko kati ya tangi na mpira. Hapo washukiwa ni wawili. Wa kwanza ni chujio dogo kwenye ncha ya bomba la kunyonya, ndani ya tangi. Wa pili ni ile valvu ya kuzuia mafuta kujivuta yenyewe, yenye kigololi na springi, inayofungwa pale paipu inapotokea tangini. Kigololi kikishika uchafu au kutu, hunyanyuka nusu tu. Kwa mwendo wa pole mafuta yanatosha, ukibana mwisho hayatoshi.

Hapa kuna kosa ninalolikemea kila siku. Fundi anagundua kwamba valvu ndiyo inayozuia, anaing'oa, boti inakwenda vizuri, kila mtu anafurahi. Valvu ile haikuwekwa kwa bahati mbaya. Paipu ikipasuka mahali palipo chini ya usawa wa mafuta, yatajivuta yenyewe na tangi zima litamwagikia ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, bila mtu kugusa kitu, hata boti ikiwa imefungwa gatini usiku. Valvu mbovu nunua nyingine.

Mpira haukazi hata ubinye mara hamsini

Tazama kwanza mshale ulio juu yake. Lazima uelekee kwenye mashine, na wakati wa kubinya ushike mpira wima, mshale ukitazama juu, ili zile valvu zake mbili za ndani zikae mahali pake. Kama hivyo ni sawa na bado hauna nguvu, ama valvu zake zimekufa, ama sindano ya kabureta imekwama wazi na mafuta yanamwagika (utayaona na kuyanusa kwenye mashine), ama njia inavuta hewa.

Hili la hewa linawachanganya hata mafundi, kwa hiyo nilieleze taratibu. Kati ya tangi na pampu ya mashine, mafuta yanavutwa, hayasukumwi. Paipu inayovutwa ikiwa na ufa haitoi tone hata moja, inaingiza hewa. Utaikagua yote, utaipangusa, utakuta kavu, na utaapa kwamba nzima. Ukavu hausemi kitu hapo.

Njia ya kuukamata ufa ni kuweka kipande cha paipu inayoonyesha ndani, urefu wa kiganja, karibu na mashine, kwa muda wa jaribio tu. Washa. Mafuta yanayopita yawe safi kama chai isiyo na maziwa. Ukiona mlolongo wa mapovu madogo, kuna hewa. Sasa sogeza kipande hicho kuelekea tangini, kiungo baada ya kiungo. Pale mapovu yanapokoma, ufa uko nyuma yako, kwenye kiungo ulichokipita mwisho. Mara nyingi ni oringi ya kiunganishi cha mashine, ile pete ndogo ya mpira iliyokauka na kuwa bapa. Bei yake ni ndogo kuliko nauli ya kwenda kuinunua, kwa hiyo kaa na tano kwenye kisanduku.

Mpira mgumu, mafuta yapo, lakini mashine haina nguvu

Hapo kosa liko baada ya mpira: filta, pampu ya mafuta au kabureta. Badilisha filta kwanza. Hakikisha pia mtu hakufunga paipu nyembamba. Kwa mashine mpaka 60, tundu la milimita 8 linatosha. Kwa kubwa kuliko hapo weka milimita 10. Na kama mashine ni ya stroki mbili isiyo na tangi lake la oili, uliza nani aliyechanganya. Kwa 50 kwa 1, lita 25 za petroli zinataka nusu lita ya oili, na mchanganyiko huandikwa na kiwanda kwenye kitabu cha mashine, haukadiriwi kwa rangi.

Inakata mawimbi yakianza, tangi likiwa robo

Boti ikikimbia, omo (upande wa mbele) hunyanyuka na mafuta yote hukimbilia nyuma ya tangi. Bomba la kunyonya likiwa katikati au mbele, kwa robo iliyobaki linanyonya hewa. Kwa hiyo bomba likae upande wa tezi, ncha yake iachane na sakafu ya tangi kwa sentimita 1 hadi 2 ili isizoe matope, na ndani ya tangi kuwe na kuta ndogo za kuvunja wimbi. Zisipokuwepo, lita 50 zinazogonga ukuta huu na ule kwenye mkondo wa Pemba zitachosha viungo vya tangi mpaka vipasuke.

Hata tangi lililotengenezwa vizuri, ile sehemu ya chini kabisa usiihesabu kwamba ni mafuta. Manahodha waangalifu hugawa safari mafungu matatu: theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia, theluthi haiguswi. Wakati wa kusi, kurudi dhidi ya upepo hula kuliko kwenda, na theluthi ile ndiyo inayokufikisha nyumbani.

Inakohoa, inashika, inaachia: maji

Toa mafuta kutoka chini ya tangi au kwenye filta, weka kwenye chupa ya kioo, iache robo saa. Maji ni mazito kuliko petroli, yatakaa chini na utaona mstari. Ukiwa na wasiwasi, dondoshea rangi kidogo ya kuwekea keki. Rangi hiyo huyeyuka kwenye maji tu, kwa hiyo tone la chini likigeuka jekundu, umepata jibu.

Maji yanaingilia wapi? Mwanzo kabisa, kifuniko cha kujazia kilicho sawasawa na sitaha ambacho oringi yake imekufa. Kila unapoosha boti unamwaga ndoo tangini. Kisha kipumulio kilichowekwa chini mno, kinachopigwa na wimbi. Paipu ya kipumulio lazima ipande juu kwanza, ipinde kama shingo ya bata, ndipo ishuke kwenye tundu lake. Na madumu ya kubebea yaliyoachwa mvuani. Filta yenye bakuli la kutenganisha maji, ya maikroni 10, si anasa. Ifunge mahali mkono unapofika bila kulala kifudifudi, la sivyo hakuna atakayeitazama.

Mafuta yanatapika wakati wa kujaza

Hewa inayotoka haina njia. Ama kipumulio ni chembamba, ama paipu yake imelegea katikati na kufanya tumbo linaloshika mafuta, kwa hiyo hewa inakutana na kizibo cha maji maji. Paipu ya kujazia iwe na tundu la milimita 38, iteremke mfululizo bila tumbo. Ya kipumulio milimita 16, ipande mfululizo. Mdomo wa kipumulio uwe mbali na tundu lolote la kuingizia hewa chini ya sitaha, angalau sentimita 40, ili mvuke unaotoka usivutwe ndani tena.

Kama mdomo wa kujazia ni wa chuma na paipu ni ya mpira, mdomo hauna muungano wa umeme na tangi. Petroli inayopita kwa kasi huzalisha umeme tuli, na cheche moja hapo mdomoni inatosha. Funga waya kutoka mdomo wa chuma mpaka kwenye tangi la chuma, kisha pima kwa multimita: kanuni za Marekani za boti za petroli zinataka ukinzani wa umeme usizidi omu 100, na hicho ni kipimo kizuri hata kwetu. Tangi la kubebeka usilijaze likiwa ndani ya boti. Lishushe chini, gatini au mchangani, na ncha ya pampu iguse mdomo wake muda wote.

Harufu ya petroli ndani ya chombo

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, mara tatu hadi nne. Haupandi ukapotea na upepo kama moshi. Unatiririka kama maji, unashuka chini ya sitaha, unatuama ngamani, na unangoja. Hewa yenye mvuke huo kuanzia asilimia 1.4 tu hushika moto. Kwa hesabu, robo lita ya petroli, kikombe kimoja, ikiyeyuka yote, inatosha kuifanya hewa ya mita 2 za ujazo iwake. Nafasi iliyo chini ya sitaha ya boti ya mita 7 haizidi sana hapo. Ndiyo maana siwezi kumwelewa mtu anayesema, "Harufu ya petroli kwenye boti ni kawaida." Si kawaida. Boti iliyofungwa vizuri hainuki.

Ukiisikia, teremsha watu kwanza. Usiwashe mashine, usiwashe pampu ya ngama, usiguse swichi, na usichomoe betri, maana nyaya za betri hutoa cheche zinapoachana. Sigara na jiko mbali. Fungua vifuniko vyote vya sitaha, acha upepo upite. Mafuta yaliyomwagika yazoe kwa sponji au matambara, uyaweke kwenye chombo cha kufunika na kuyapeleka nchi kavu, si baharini. Endelea hivyo mpaka pua ya mtu mwingine, ambaye hajakaa humo, iseme hakuna harufu. Pua yako imeshazoea.

Jiko nimelitaja kwa makusudi. Aprili 2025 boti ya mbao iliyojaa abiria iliteketea mtoni Kongo karibu na Mbandaka. Maofisa walieleza kwamba moto wa kupikia ulikutana na mafuta yaliyokuwamo, na waliokufa walizidi mia moja. Vyombo vyetu vingi vya masafa hupika chai na wali humohumo palipo na madumu. Jiko na petroli visikae chombo kimoja, na kama safari ni ndefu, chakula kipikwe nyumbani.

Chombo kikishapoa, tafuta chanzo kwa kuuliza harufu inakuja lini. Ikija baada ya kujaza tu, kisha ikapungua, kosa liko juu ya tangi: klipu za paipu ya kujazia, au gasketi ya geji, sehemu ambazo mafuta huzifikia tangi likijaa. Paipu ya kujazia ifungwe klipu mbili za stenlesi kila ncha. Ikija mchana wa jua kali peke yake, shuku kipumulio kinachopumulia ndani, au paipu zilizochoka. Mpira wa paipu huruhusu mvuke kupenya hata bila ufa. Chukua kitambaa safi kilicholowa maji ya moto, kipitishe juu ya paipu yote, kisha kinuse. Kikinuka, paipu imekwisha. Paipu za mafuta za boti huandikwa mwilini: ukikuta A1-15 au ISO 7840, hiyo imetengenezwa kustahimili moto dakika mbili na nusu, na 15 ni gramu zinazoruhusiwa kupenya kwa kila mita ya mraba kwa siku. Paipu ya kumwagilia bustani haina andiko hilo. Petroli inaifanya ngumu kama mfupa ndani ya miezi, kisha inapasuka penye klipu.

Na ikiwa harufu haikomi, tangi likijaa inanuka, likiwa nusu inanuka, asubuhi ukifungua kifuniko inakupiga usoni, basi tangi lenyewe limetoboka chini.

Boti moja ya namna hiyo nilifungua mwenyewe. Tangi la alumini la lita 100, unene wa milimita 3, miaka minne tu tangu lifungwe. Aliyelifunga alilizungushia povu lile la manjano linaloumuka na kukauka, akaona limeshikwa vizuri. Tulinyonya petroli yote kwa pampu ya mkono, tukalijaza maji mpaka mdomoni, kisha tukafungua sitaha kwa msumeno wa mkono, bila mashine ya umeme. Povu lilikuwa limelowa. Ukilibinya linatoa maji ya chumvi kama sifongo. Tangi lilipogeuzwa, chini yake palikuwa na unga mweupe, laini kama unga wa muhogo, umejipanga kwa mistari. Niliupangusa kwa kidole. Chini ya unga kulikuwa na vishimo, na kimoja, kisichopitisha hata sindano ya kushonea, kilikuwa kikitoa tone la maji kila nikihesabu mpaka kumi. Tundu hilo ndilo lililokuwa likijaza mvuke chombo kinachobeba watu.

Alumini inajilinda kwa ngozi nyembamba inayojengwa na hewa. Ukiifunika kwa kitu kinachoshika maji ya chumvi, hewa haifiki, ngozi haijijengi, inaliwa. Kwa hiyo liinue tangi juu ya vipande vya mpira mgumu usionyonya maji, vilivyogundishwa kabisa kwenye tangi ili maji yasipenye katikati, na pabaki nafasi ya angalau milimita 6 chini yake hewa ipite na maji yateremke. Usitumie zulia, mbao mbichi wala povu. Usifunge kiungo cha shaba moja kwa moja kwenye alumini. Chumvi ikiingia kati, alumini ndiyo inayoliwa. Weka kiungo cha stenlesi katikati yao. Na matundu yote ya tangi la petroli yawe juu yake. Bomba la kumwagia maji chini ni mwaliko wa kuvuja.

Tangi lililotoboka mwenyewe alitaka lichomelewe. Nilikataa. Tangi la petroli tupu lina hatari kuliko lililojaa, kwa sababu lililojaa halina nafasi ya mvuke na hewa kuchanganyika. Na hata ukifaulu kuziba tundu moja, vishimo vingine vinasubiri zamu. Tulilikata, tukaweka jipya.

Matangi ya plastiki hayaliwi na chumvi, na kwa boti nyingi za hapa ndiyo ninayoyapendekeza, lakini yana tabia moja: yakianza kunywa petroli huvimba, kiasi cha asilimia 2. Tangi la urefu wa mita moja linaongezeka sentimita 2. Ukilibana kati ya kuta mbili lilipokuwa jipya, baada ya mwezi litasukuma sitaha juu au litapasuka kwenye kona. Dalili ni kifuniko cha sitaha kisichokaa tena mahali pake. Acha nafasi, na mikanda ya kulishikia iweze kulegezwa.

Dumu la njano

Najua kwa nini linatumika. Tangi la kiwandani ni ghali na dumu la mafuta ya kula liko jikoni. Lakini kulitoboa kifuniko, kupenyeza paipu na kuliacha likizunguka miguuni pa abiria ni kukusanya makosa yote niliyoyataja mahali pamoja: halina kipumulio cha kuaminika, halina kiungo kisichovuja, halijafungwa popote. Kama huna budi kuwa nalo, liwe la kubebea tu, lifungwe kamba mahali penye kivuli na upepo, na umimine mkiwa mmetia nanga, mashine imezimwa, kwa faneli yenye chujio. Pesa ya kwanza ikipatikana, nunua tangi la lita 25 kabla ya redio, kabla ya rangi.

Wenye dizeli

Majahazi na boti zenye injini ya ndani ya dizeli wana hatari tofauti. Dizeli haijazi ngama kwa mvuke unaolipuka katika joto la kawaida, lakini paipu ikirusha mafuta juu ya ekzosi yenye moto, itawaka. Uteute mweusi kwenye filta ni vijidudu vinavyoishi pale maji na dizeli vinapokutana, kwa hiyo ondoa maji kwanza, dawa baadaye. Usitengeneze tangi la dizeli kwa bati la mabati. Zinki humenyuka na dizeli na kuziba filta.

Kupima tangi jipya kabla ya kulifunika

Kipimo kinachotakiwa ni shinikizo la 0.2 ya baa, na huhitaji geji kulipata. Ziba matundu yote ya tangi isipokuwa mawili. Kwenye moja funga paipu inayoonyesha ndani, uipinde kama herufi U ukutani, utie maji ndani yake. Kwenye la pili funga pampu ya baiskeli. Pampu taratibu mpaka tofauti ya maji kati ya upande huu na ule ifike mita 2. Hiyo ndiyo 0.2 ya baa. Simama hapo, pakaza maji ya sabuni kwenye kila mshono na kila kiungo kwa brashi ya rangi, ungoje dakika tano ukitazama maji. Yakishuka, sabuni itakuonyesha pa kurudia.

Kompresa usiikaribishe kwenye kazi hii. Ubavu wa tangi wa sentimita 60 kwa 80, kwa shinikizo hilo dogo tu, tayari unasukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani moja. Pia hiki ni kipimo cha tangi jipya ambalo halijawahi kutiwa petroli. Tangi la zamani litolewe, lioshwe kwa maji na sabuni, na lijaribiwe kwa kulijaza maji hadi mdomoni na kuliacha usiku mzima juu ya magazeti makavu. Asubuhi lipitie gazeti kwa kiganja.